Venye Mathe Alikataa Ofu ya Kulipwa

Kama hujawahi kuwa kibarua Industrial Area ya Nairobi, wacha nikufunze neno moja tu, na hilo likikuingia ujue umemaliza chuo. Neno lenyewe ni ofu.

Mtu wa ofisi akipewa ofu analala mpaka jua limchome mguu, halafu anatoka kuosha gari. Kibarua akipewa ofu, ameambiwa pole pole akatafute kwingine. Hakuna supavaiza anakufukuza na mdomo wake, maanake hiyo ni aibu na pia unaweza kumtandika. Anakuangalia tu kwa upole kama pasta anayetaka sadaka, anakuambia, "Kesho chukua ofu." Unachukua. Kesho kutwa ukirudi unapata mtu mwingine amesimama ndani ya gambuti zako, zile buti za mpira.

Hizo gambuti sasa ndio kazi yenyewe. Kule kwetu, kiwanda cha mkate, ukiingia unapewa gambuti nyeupe, na ile siku utaona miguu ya mtu mwingine ndani yake, hata usiulize. Geuka urudi nyumbani ukafikirie maisha.

Mimi naishi Kware, ghorofa ya juu kabisa, juu mpaka ndege ikienda kutua rubani ananiuliza kama nimekula. Shule niliijua kwa nje tu, nilikuwa nikiipita nikienda kuteka maji. Lakini mikono Mungu alinipea. Kazi yangu ilikuwa kufunga mkate. Mkate unakuja kwa mkanda ukiwa bado na joto, unaudaka, unauvisha karatasi, unafunga, unadaka mwingine. Nilikuwa na kasi mpaka siku moja nilifunga kofia ya jirani wa meza, ikapakiwa kwa lori, na nasikia kuna mtu Dandora aliipaka siagi.

Huyo jirani wa kofia ndio Mathe. Jina lake halikuwa na kazi hapo, sisi wote tulimwita Mathe, yaani mama, hata supavaiza ambaye alikuwa anamzidi umri. Alizaliwa Kaloleni na bado alikuwa anaishi hapo, baba yake alikuwa mtu wa reli aliyetoka magharibi ya Kenya na akakataa kurudi. Mathe alikuwa na sauti ya kwaya nzima. Alikuwa analea wajukuu wake peke yake, na hao watoto walikuwa wanakula kama wamekodiwa kumaliza unga. Kwa hivyo Mathe hakuwahi kukosa kazi. Mvua inyeshe, maandamano yafunge barabara, Mathe utampata getini mbele ya askari wa geti.

Sasa hiyo mwaka kolera ikaingia upande wetu. Maji ya mfereji yalikuwa yamepotea kitambo, tunanunua ya mkokoteni, na maji ya mkokoteni huwezi kuuliza yametoka wapi. Ni kama kuuliza shangazi yako umri. Watu wakaanza kuanguka. Jamaa wa kuuza tikiti maji za kukatwa kwa stendi alikaa na tikiti zake mpaka zikamjua kwa sura. Pale kwa ploti yetu, mtu akichelewa kidogo kwa choo, foleni inaanza kumwangalia vibaya akitoka, kama ameiba.

Watu wa afya wakaja kiwandani. Wakaangalia mifereji, wakaangalia choo, wakaongea na mdosi, mwenye kiwanda, ndani ya ofisi mlango ukiwa umefungwa. Walipoenda, mdosi akatoka akapanda juu ya kreti. Mdosi wetu alikuwa mtu mfupi, mpole, anaongea Kiswahili kama mtu anapima sukari kwa mizani, neno moja, anaangalia, neno lingine.

"Mtu akiendesha," akasema, "aniambie. Ataenda nyumbani. Sikofu. Ofu ya mgonjwa. Mpaka apone. Na atalipwa, kama vile amefanya kazi."

Akatupitia na macho, mmoja mmoja.

"Haya. Nani anaendesha?"

Mimi mdomo wangu hauna breki. "Mdosi, mimi sina laiseni."

Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Mdosi mwenyewe akakunja uso, halafu akaugeuza pembeni ili tusione meno. Lakini hakuna mtu aliinua mkono. Na mimi najua kwa hakika kulikuwa na watu hapo walikuwa wanahara tangu jana yake.

Mdosi alipoingia ndani, Mathe akanigusa na kiwiko.

"Umeskia hiyo ofu, baba?" Watu wa kwao wakikupenda wanakuita baba, hata kama ni wewe unapaswa kumwita mama.

"Nimeskia. Amesema ni ya kulipwa."

"Hiyo ya kulipwa ndio mbaya zaidi. Ofu ya bure wanakufukuza. Ya kulipwa wanakufukuza na wanakuaga."

"Lakini amesema mpaka upone."

"Mimi nilipewa ofu kiwanda cha sabuni, mtoto wangu wa mwisho akiwa mgongoni. Sai huyo mtoto ako na ndevu. Bado sijaambiwa ofu imeisha."

Na hivyo ndivyo wote walifikiria. Kwa hivyo watu wakaanza kuficha tumbo. Supavaiza naye aliambiwa aangalie afya za watu, na yeye akaona mahali pa kuangalia afya ni mlango wa choo. Akavuta stuli akakaa hapo kama bibi harusi. Ukienda mara moja anakusalimia. Ukirudi tena anakuuliza, "Kwani umesahau nini?" Watu wakaacha kwenda kabisa. Nakuambia choo kilikuwa kisafi kuliko kanisa. Kuna jamaa wa tanuri alijibana mpaka akawa anatembea kama anabeba yai kati ya magoti, na ukimuuliza anasema ni mazoezi.

Halafu siku moja, saa ya chai, ambayo tulikunywa hapo hapo mkanda ukienda, Mathe akasukuma kikombe chake mbele yangu.

"Kunywa," akaniambia.

Sasa wewe sikia. Mtu wa magharibi anaweza kukataa pesa. Anaweza kukataa kuolewa. Lakini chai, chai ya maziwa, ya moto, na iko na mkate pembeni? Hiyo ni dalili hata daktari hajasomea. Nikaweka kikombe chini.

"Mathe, unaumwa."

"Niko sawa."

"Umekataa chai."

"Nimefunga."

"Umefunga nini? Tangu asubuhi ukifunga mkate mmoja, mitano inakupita ukiiangalia."

Akadaka mkate, ukamponyoka. Nikamwangalia uso vizuri. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka kama mtu ametembea kwa miguu kutoka Kisumu.

Nikafikiria haraka, kitu ambacho si kawaida yangu. Nikisema, Mathe anaenda ofu, na kama ofu ni ile ya sabuni, wale watoto Kaloleni wamekwisha na mimi ndio nimewamaliza. Nisiposema, kolera haingoji mtu amalize zamu, inaweza kumwangusha hapa kwa meza. Na hiyo mikate alikuwa anashika ilikuwa inaenda kwa kila duka toka hapo mpaka Kayole, watu wananunua wanapea watoto. Nikaangalia mkanda. Mkate ulikuwa unakuja tu, mnono, haujui kitu.

Nikainua mkono. "Supavaiza, zima mashine."

Mathe akaniangalia jicho ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula, napoteza hamu. "Wewe ndio umeniuza," akasema pole pole.

Supavaiza akaja na mdosi akaja. Mashine ikazimwa, ile mikate yote ya meza yetu ikatolewa ikamwagwa kwa pipa, watu wakaanza kumwaga dawa kila mahali. Mathe akaambiwa avue gambuti apelekwe hospitali.

"Sivui," akasema.

"Mama, hizo ni za kampuni," supavaiza akamwambia.

"Najua. Na mimi ni wa kampuni. Nikizivua, kesho ni nani atakuwa ndani yake?"

"Hakuna mtu, Mathe."

"Basi kama hakuna mtu, wacha nikae ndani mimi."

Supavaiza akatazama mdosi. Mdosi akapima sukari yake. "Aende nazo," akasema. "Na wewe," akanielekeza kidole, "mpeleke. Utalipwa siku yako pia."

Mimi na Mathe tukapanda pikapu ya kampuni, yeye na gambuti nyeupe, eproni nyeupe, kofia nyeupe, na mkono umenishika kama koleo. Njia nzima hakuniongelesha. Mara moja tu, kwa raundabauti, aliniambia, "Ukikuta mtu kwa mahali pangu, mwambie ile kona ya mkanda inauma vidole."

Sasa hapa ndio kichekesho. Kituo cha afya walikuwa wameweka mahema kwa uwanja, ya wagonjwa wa kolera peke yao, na wafanyakazi wa hapo wanavaa nini? Gambuti nyeupe na eproni nyeupe. Mathe aliposhuka kwa pikapu, nesi mmoja mwenye kukimbia kimbia akamwona, akamwekea mkononi bomba ya kupulizia dawa.

"Afadhali mmekuja," nesi akasema. "Anza na ile hema ya mwisho."

Mathe, na tumbo lake hivyo, akaiweka mgongoni. Naapa. Mtu wa kazi ni mtu wa kazi. Mimi nikaanza kupiga kelele, "Huyo ni mgonjwa! Huyo ni mgonjwa!" na nesi ananijibu, "Wote ni wagonjwa, kijana, pisha njia." Mathe akapulizia miguu yangu, akapulizia mlango wa hema, akapulizia daktari mmoja mpaka kwa soksi. Halafu akakaa chini taratibu kama kitenge kimeanguka kwa kamba. Nesi ndio kuelewa. Wakambeba mbio, dripu mkono huu, dripu mkono ule. Nikaambiwa nioshe mikono, nikaosha mpaka viganja vikawa kama vya mtoto mchanga.

Nilikaa sana nje ya kamba iliyozungushiwa mahema. Hakuna utani uliokuja kichwani, na hiyo kwangu ni ugonjwa. Jioni nesi akatoka akasema amekojoa, yaani maji yamerudi mwilini. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu hivyo.

Wakamweka hapo siku kadhaa. Wale watoto jirani yake wa Kaloleni akawachukua, lakini jirani naye ana wake, na alinipigia simu kuuliza unga utatoka wapi wiki ikiisha. Nikamwambia Mungu atajua. Mungu alikuwa anajua, lakini mimi nilikuwa naogopa, maanake ile meza yetu ilikuwa na nafasi wazi, na kila asubuhi pale getini kulikuwa na watu wa kutosha kujaza hiyo nafasi na kubaki.

Jumamosi nikampelekea leso na sabuni. Nikampata amekalishwa nje ya hema kwa jua, amekonda lakini macho yamerudi mahali pake. Alikuwa ameanza kuniongelesha. Kutukana tu, lakini nikashukuru. Tukiwa hapo, mimi upande huu wa kamba, yeye upande ule, simu yake ikalia meseji. Akaisoma akiwa ameishika mbali kama samaki mbovu.

"Nimetumiwa pesa."

"Si ni mshahara. Leo ni Jumamosi."

"Mshahara gani na mimi nilikuwa nimelala hapa? Tena namba yenyewe siijui."

"Mathe, mdosi alisema utalipwa."

"Baba, hii ni wale matapeli wa jela. Wanakutumia, unaona ni baraka, unakula. Halafu wanakupigia, 'mama nimetuma kwa makosa,' unarudisha mara mbili. Ama wanakuja na polisi. Mimi siliwi."

"Ngoja kwanza tuulize—"

Kumbe vidole vyake vilikuwa vimeshamaliza. Ameirudisha yote. Akaweka simu kwa paja na akakunja mikono kama mtu ameokoa nchi. Haikupita muda simu ikalia, ile namba. Akaiweka kwa sauti kubwa ili na mimi nijifunze.

"Mama," sauti ikasema, "mbona. Umerudisha. Pesa?"

Nikaanza kumpungia Mathe mikono kama mtu wa kuongoza ndege. Akafikiri nampigia makofi.

"Nyinyi hamna haya," akamwambia. "Serikali inawalisha ugali ya bure, kulala bure, mpaka mbu ni wa bure, na bado mnataka ya mgonjwa wa dripu. Mamako anajua uko jela unafanya hii kazi? Kula hiyo ugali ushibe ulale."

Akakata. Akanitazama na uso umechangamka, hata rangi imerudi. "Nimemmaliza."

"Mathe," nikasema. "Huyo alikuwa mdosi."

Wagonjwa wengine waliokuwa wanasikiliza wakageuka kutuangalia, hata yule aliyekuwa anatapika aliahirisha. Mathe akaangalia simu, akaigeuza, akaifuta na leso.

"Ile sauti ya kupima?"

"Hiyo hiyo."

"Basi," akasema. "Ofu imekuwa ofu." Na machozi yakaanza kumtoka bila sauti, mwanamke mwenye sauti ya kwaya nzima. "Ningenyamaza tu. Watoto wangekula."

Mimi simu yangu ilikuwa na kredo ya kubipu tu, iite mara moja nikate. Nikabipu mdosi kwa ile namba. Wewe ushawahi kubipu mdosi? Ni kama kumpigia simba mluzi. Akanipigia.

"Mdosi, ni mimi wa kufunga mkate. Niko hapa na Mathe."

"Huyo mama," akasema, "ni mgonjwa wa tumbo? Ama wa kichwa?"

"Wa tumbo tu, mdosi. Alifikiria wewe ni wale wa jela. Hii kazi ya vibarua, hakuna mtu ameshawahi kulipwa kwa kulala, sasa alipoona pesa akajua ni wizi."

Nikaskia sauti fulani kama mtu amekwama na mfupa wa samaki. Sijui kama alikuwa analia ama anacheka.

"Mwambie hii namba ni ya simu mpya," akasema alipopata pumzi. "Natuma tena. Asirudishe. Na aje kazini akipona. Asije kabla. Akija kabla, hapo ndio nitamfukuza."

Nikamwambia Mathe neno kwa neno. Akanifanya nirudie.

"Amesema nikienda kabla ndio nitafukuzwa?"

"Ndio."

"Kwa hivyo nikilala, sijafukuzwa."

"Hapo sasa."

Akafikiria hiyo maneno kwa muda, kama mtu anahesabu chenji ya konda. Meseji ikaingia. Akaiangalia tena kwa mbali, halafu karibu, halafu akamtumia jirani wa Kaloleni ya unga, ya mafuta na ya maziwa. Halafu akanigeukia mimi kwa matusi, kwamba kama ningemwambia mapema hiyo ni sauti ya mdosi, asingeharibu matusi mazuri hivyo kwa mtu asiyestahili. Kosa likawa langu. Nikakubali. Mtu mwenye anakutukana hafi.

Mathe alirudi kazini wakati nesi alisema arudi. Mahali pake palikuwa pake. Mkanda ukawashwa, akaanza kuimba, na saa ya mapumziko watu wote wakamzunguka kama ametoka ng'ambo.

"Kweli walikulipa?" jamaa mmoja wa kupakia lori akamuuliza. Huyu alikuwa na kifua kama mlango wa benki, anabeba kreti kwa mkono mmoja huku anajikuna na mwingine.

"Mara mbili," Mathe akasema. "Ya kwanza niliikataa."

"Wacha mchezo, Mathe. Ulilala na ukalipwa?"

"Nililala na nikatukana na nikalipwa. Unataka nikuapie kwa nani?"

Jamaa akaangalia chini. Nikaona jasho limemtoka na hakukuwa na joto. Akamaliza chai yake, akatembea polepole, magoti pamoja, mpaka mbele ya stuli ya supavaiza pale choo.

"Mimi naendesha," akasema. Kwa sauti, watu wote waskie. "Tangu juzi. Nataka sikofu yangu."

Supavaiza akasimama. Hakuna mtu alicheka, hata mimi. Yule jamaa wa tanuri wa mazoezi naye akaweka chini ile paleti alikuwa ameshika, akafuata nyuma yake. Pikapu ikaletwa, wakapanda wawili, wamebebana kama mabwana harusi, na Mathe akaenda mpaka kwa dirisha akawaambia waangalie nesi asiwape bomba.

Basi. Wagonjwa wakalala wakalipwa, mkate haukupigwa marufuku, kiwanda hakikufungwa, na mdosi akawa mtu wa kusifiwa mpaka mtaa wa Pipeline. Lakini lori lilikuwa limesimama pale nje bila mtu wa kupakia, na supavaiza alikuwa anaangalia kila mtu kifua. Akanifikia mimi. Hiyo wiki nilibeba kreti za yule jamaa mpaka nikapungua urefu. Nikirudi Kware jioni, rubani alikuwa ananitafuta haoni.